Mkono wa Mama Oktavia

Scola hakuwa na viatu. Hakuwa na simu, maana shemeji yake Yusto alikuwa ameipasua kwa kisigino mbele ya mizani. Hakuwa na mlango wa pili wa kukimbilia wala dirisha la kupigia kelele. Hakuwa na wanawe mapacha, ambao ukoo wa mumewe uliwachukua Jumapili mara tu baada ya ibada.

Na hakuwa na mimba. Hilo la mwisho ndilo lililomponza, kwa sababu Makambako nzima hakukuwa na mtu aliyeliamini.

Hapo ndipo tulipoachana naye, msomaji. Yumo ndani ya ghala la viazi asubuhi ya ukungu, shoka la shemeji yake linakula mbao za mlango, na nyuma yake Alfonsi, dalali wa viazi, amelala sakafuni mkono umefunguka kuanzia kiwiko hadi kwenye kiganja.

"Shemeji, fungua," Yusto alisema kutoka nje, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Sikutaki wewe. Namtaka huyo bwana wako. Wewe utazaa kwanza, halafu tutaongea."

"Nimekwambia sina mimba, Yusto."

"Mkono wa mama umesema unayo. Baina ya mkono wa mama na mdomo wako, niamini kipi?"

Shoka likarudi mlangoni.

Kwa yule aliyelikosa gazeti lililopita, mambo yalianza hivi. Hilario, mume wa Scola, alikwenda Chunya kuchimba dhahabu kabla ya Krismasi iliyopita na hajarudi. Huku nyuma tumbo la Scola, lililobeba mapacha miaka mitatu iliyopita na halikuwahi kurudi sawa, likazidi kutokeza. Asubuhi lilikuwa la wastani; jioni, baada ya ugali, lilichongoka mbele kama la mwezi wa sita. Alilifunga kwa kanga. Alilifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli mpaka ngozi ikachubuka. Likabaki vilevile. Wanawake sokoni wakawa wanamwachia kiti, kisha wakawa wanaulizana ni la nani, mpaka likatajwa jina la Alfonsi, ambaye Scola alimshonea magunia.

Ndipo mama mkwe akashuka kutoka Matamba. Mama Oktavia ni mkunga wa jadi, na nusu ya watu wa Matamba waliingia duniani kwa kupitia viganja vyake. Alimlaza Scola karibu na moto, akampaka mafuta ya uvuguvugu, akafumba macho, akaupitisha mkono. Kisha akasema bila kufumbua macho kwamba mimba ina miezi mitano, kichwa kiko kulia, na mtoto anacheza.

Mkono ule haukuwahi kubishiwa. Yusto ndiye aliyeuamini kuliko wote. Yeye ni mgane. Mkewe, Telesia, aliteleza korongoni akienda kuteka maji, akafa na mimba yake tumboni, mimba ambayo pia mkono wa Mama Oktavia ndio ulioitambua kabla ya mtu mwingine yeyote. Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa msibani, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Asubuhi hiyo alimkata Alfonsi mbele ya mizani, Scola akamvuta dalali ndani na kutia komeo. Sasa turudi ghalani.

Ubao wa kati ulipasuka. Mkono wa Yusto ukaingia, ukapapasa komeo.

Alfonsi alijaribu kusimama, akateleza kwenye damu yake mwenyewe. "Scola," alisema, "wewe toka. Mimi ananijua, ataniua tu. Toka."

Scola alikuwa anayatazama magunia.

Yalikuwa lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita mdomo na kuvikwa juu kofia ya wavu wa kamba, na yalikuwa yamepangwa kutoka sakafuni hadi karibu na bati. Kofia zile zote alizishona yeye kwa shazia, sindano ndefu ya magunia ambayo hata sasa ilikuwa imechomekwa kwenye kilemba chake. Alijua ni gunia lipi limebeba mengine. Akachukua kisu cha kamba.

Mlango ukaanguka ndani.

Yusto aliliacha shoka limekwama kwenye ubao, akachomoa panga kiunoni. Hakumtazama hata mara moja shemeji yake. Alikwenda moja kwa moja kwa Alfonsi, kama mtu anayekwenda kukata mgomba.

Scola akaikata kamba ya gunia la chini.

Gunia likatapika viazi. Yaliyokuwa juu yake yalikaa chini kwa mguno, yakainama, kisha safu nzima ikaja. Ghala lilitikisika. Gunia moja lilimpiga Yusto mgongoni, la pili likamvunjikia mabegani, na viazi vikamfunika hadi kiunoni. Lakini mkono wa panga ulibaki juu, nao ulikuwa mzima. Panga likapita hewani, likaondoka na kipande cha sikio la Scola.

Hakusikia maumivu. Alisikia joto shingoni tu. Aliichomoa shazia kilembani na kuipigilia kwenye mgongo wa mkono ule kwa nguvu zake zote, ikapenya upande wa pili, ikaingia kwenye gunia, ikamshona Yusto pale pale.

Yusto aliutazama mkono wake ulioshonwa. Hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa, akaing'ata sindano kwa meno, akaivuta taratibu mpaka ikatoka, akaitema.

"Ushonaji wako mzuri, shemeji," alisema, na meno yake yalikuwa mekundu.

Akaanza kujichimbua.

Scola alishika gunia zima ili amwangushie. Alilinyanyua hadi magotini, na hapo ndipo alipolisikia ndani ya tumbo lake jambo analolijua vizuri kutokana na kazi yake: mshono unaachia. Kitu kikasukumwa kitovuni, kikanasa. Alipopeleka mkono akakuta nundu ngumu, kubwa kama yai la bata, ambayo haikuwapo asubuhi. Maumivu yalimkunja. Akatapika, akaanguka kifudifudi juu ya viazi.

Yusto alikuwa amesimama. Alikuja akichechemea, akaweka mguu mgongoni kwake, akanyanyua panga kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa hauna kazi tena.

"Shusha."

Mama Oktavia alikuwa mlangoni, amejitanda blanketi lake, amechoka kwa kupanda ngazi za ghala.

"Amenitoboa, mama."

"Nimeona. Shusha panga. Huoni kuwa uchungu umemshika?" Alivuka viazi kama mtu anayevuka kijito. "Tangu lini nyumba yetu ikamkata mwanamke aliye kwenye uchungu? Damu ya uzazi ikichanganyika na damu ya panga, nani kati yenu ataoga ikatoka?"

Panga lilibaki juu. Kisha likashuka.

Angalieni dunia ilivyo. Kosa lilelile lililomtia Scola ghalani ndilo lililomtoa akiwa hai.

Mama Oktavia alipiga magoti, akaipapasa ile nundu, akakunja uso. Alisema mtoto amekaa vibaya na hawezi kumtoa kwa mikono, apelekwe Njombe. Akaamuru na dalali naye apakiwe, kwa kuwa hataki maiti mbili kwenye safari moja. Yusto alimpiga Alfonsi teke la mbavu kabla ya kutoka, bila haraka, kama mtu anayefunga mlango.

"Mpeleke akazae," alisema. "Mimi nakwenda kwa shangazi kuwachukua mapacha. Nawapandisha Matamba leo hii. Watoto wa kaka yangu hawatalala kitanda kimoja na mtoto wa nje."

Scola alilisikia hilo akiwa chini. Msomaji, panga lilimkata sikio, lakini hilo neno ndilo lililomkata.

Praygod, dereva wa Fuso ya Alfonsi, aliendesha kama mwizi. Walilala nyuma kwenye maturubai, Scola upande mmoja, Alfonsi upande wa pili, na mama mkwe katikati akiwa amekishika kichwa cha mkamwana wake asigonge ubao. Misonobari ilipita, ukungu ukapita. Scola alitapika mpaka akatapika nyongo. Kila alipolia jina la mapacha wake, Mama Oktavia alimwambia asukume.

"Sina cha kusukuma, mama," alisema Scola.

"Wote husema hivyo."

Katika hospitali moja mjini Njombe walipokelewa na daktari wa upasuaji aitwaye Emerensiana, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Aligusa ile nundu kwa vidole viwili, akaagiza utrasaundi papo hapo. Kioo kiliwaka. Daktari akapitisha kile kifaa kulia, kushoto, juu, chini.

"Hakuna mimba hapa," alisema. "Kuna utumbo umenasa kwenye tundu la kitovu. Ni ngiri. Nisipoufungua sasa hivi utaoza, na huyu dada atakufa kabla ya kesho."

"Nilikigusa kichwa," Mama Oktavia alisema.

"Wapi, bibi?"

"Hapa. Na alikuwa anacheza."

Daktari hakucheka. Alimwambia Scola, kama anaweza, anyanyue kichwa kidogo kutoka kwenye mto. Scola alinyanyua akiuma blanketi. Katikati ya tumbo, kutoka kifuani kwenda chini, pakatokea tuta, refu kama mgongo wa samaki.

"Leta huo mkono, bibi. Weka hapa juu, mbali na nundu. Bonyeza polepole."

Mkono uliowatoa nusu ya watu wa Matamba ukawekwa juu ya tumbo. Vidole vinne vikazama katikati, laini, kama vinavyozama kwenye unga. Na chini ya vidole hivyo, utumbo ukajinyonga, ukanguruma, ukacheza.

Mama Oktavia aliuondoa mkono wake kama aliyegusa kaa la moto.

Daktari aliwaeleza kwa ufupi, huku muuguzi akiandaa machela. Tumbo la mtu lina misuli miwili iliyosimama sambamba kutoka mbavuni hadi chini ya kitovu, na katikati yake kuna utepe mgumu unaoiunganisha. Mimba huutanua utepe huo. Kwa wanawake wengi hurudi wenyewe, na kwa wengine mazoezi maalumu huusaidia. Kwa wengine, hasa aliyebeba mapacha, unabaki umelegea. Misuli inaachana, matumbo yanasukuma mbele, na mwanamke anaonekana mjamzito miaka nenda miaka rudi. Kufunga kwa kanga hakuuponyi. Kufunga kwa mpira kunaongeza mambo, na kunyanyua magunia ndiko kumemaliza kazi.

"Kama kichwa cha lumbesa kamba ikilegea," alisema Scola huku ameuma meno.

"Sijui kushona lumbesa. Ila ndiyo, kama hivyo."

"Utalishona lote?"

"Leo naokoa utumbo na kuziba tundu, basi. Kuivuta misuli irudi pamoja na kukata ngozi iliyozidi ni upasuaji mwingine, ukishapona, kwa daktari bingwa wa kurekebisha maumbo. Watu wanauita wa urembo. Kwa mtu kama wewe si urembo tu. Lakini una hatari zake: damu kuganda, kidonda kuoza, kovu la kutoka nyonga hadi nyonga. Na ukishonwa kisha ukabeba mimba nyingine, mshono unaweza kuachia. Uwe umemaliza kuzaa."

"Kabla ya lolote kati ya hayo," alisema Scola, "nataka wanangu."

Wakamsukuma chumba cha upasuaji.

Alipofumbua macho tumbo lilikuwa linawaka, lakini utumbo ulikuwa mzima. Sikio lilikuwa limefungwa bandeji. Alfonsi, aliambiwa, alikuwa wodi ya wanaume, mkono umeshonwa, anadai chai. Na Mama Oktavia alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda, mkono wa kulia ameuficha chini ya blanketi, kama mtu aliyeiba kitu.

Praygod ndiye aliyeleta habari, siku ya pili, kofia mkononi. "Kamwene, mama," alimsalimu mkunga, kisha akashindwa kuendelea mpaka alipoambiwa aseme.

Yusto alikuwa amefika Matamba na mapacha. Amewafungia ndani. Amewaambia watu kwamba mama akishapotoka, hata watoto wa mwanzo wanatia shaka, na Hilario akifika kutoka Chunya watawapima sura. Wakionekana si wa ukoo, yeye anajua cha kuwafanya. Ndugu wa Alfonsi walikwisha kwenda polisi. Lakini Yusto ameapa mbele ya watu kuwa siku atakapoona gari la polisi likipanda kilima, atajifungia ndani na watoto, yeye na panga lake.

Scola alijaribu kuketi. Mshono ukamrudisha chini.

"Hilario hakuwa anapokea simu yangu hata kabla haijapasuliwa," alisema. "Yusto alishamjaza maneno. Kuna neno moja tu litakalowarudisha wanangu, mama, nalo ni lako. Sema mkono wako ulikosea."

Mama Oktavia alilivuta blanketi, akaufunika mkono zaidi.

"Sikuombi uniombe radhi. Sikio langu halitaota tena, nawe baki na heshima yako. Sema hilo tu."

"Hujui unachokiomba."

"Naomba watoto wangu."

Mkunga alimtazama Praygod, akamwambia akasubiri nje. Mlango ulipofungwa aliutoa mkono chini ya blanketi na kuuweka pajani, kiganja juu.

"Telesia hakuteleza korongoni," alisema.

Scola aligeuza kichwa kumtazama.

"Alikuwa na tumbo kama lako. Lile tuta lake niliwahi kuliona akijinyanyua kitandani, nikadhani ni mgongo wa mtoto. Alikuwa amezaa mtoto mkubwa, akafa mtoto yule, tumbo likabaki. Yusto alikuwa kwenye mbao Mufindi mwaka mzima. Aliporudi akaniuliza. Nikampaka mafuta, nikapitisha mkono, nikasema miezi mitano." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Alimpiga kwa mpini wa jembe kuanzia mlangoni hadi kwenye njia ya maji. Mimi nilikuwa jikoni. Kila pigo nililisikia. Nilijiambia ni haki, maana mkono umesema. Nilimwosha mimi mwenyewe kabla ya kumzika, nikaona tumbo limelala tambarare, limeenea pembeni kama ngozi tupu. Nikajiambia mtoto amekufa, amesinyaa. Nimejiambia hivyo mpaka yule daktari alipouweka mkono wangu pale."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anapiga soga na kucheka.

"Yusto anajua?" Scola aliuliza mwishowe.

"Yusto anajua kwamba mkono wa mama yake haujawahi kukosea. Hilo ndilo linalomlaza usiku. Ukiuondoa mkono wangu, huyo mtu atakuwa amemuua mke asiye na kosa."

"Basi tusimtaje Telesia." Scola aliongea haraka sasa. "Nitaandika kuhusu mimi tu. Kwamba ni ngiri, kwamba daktari ameona. Awaachie watoto, yaishe. Yule ana panga, mama. Wanangu wamo ndani."

"Yusto si mjinga. Tumbo lako na la Telesia aliyaona yote mawili kwa macho yake. Ukimwandikia nusu, nusu nyingine ataisoma mwenyewe, akiwa peke yake na watoto. Mimi nataka aisome kutoka kwangu, na ajue ni nani wa kumjia na panga." Alivuta kigoda karibu. "Mwili huu hauziwezi kona za mlima wa Chimala leo, nawe huwezi kusimama. Lori la Praygod linakwenda Matamba kupakia viazi. Omba karatasi."

Muuguzi alileta karatasi mbili na bahasha. Scola aliandika akiwa amelala chali, karatasi juu ya sinia la dawa, kila mstari ukimvuta mshono. Mama Oktavia aliongea polepole, kwa maneno machache, kama anavyowaambia wanawake wasukume na wapumzike. Kwamba Scola hana mimba wala hakuwa nayo. Kwamba mapacha ni wa Hilario, yeye mwenyewe aliwapokea na kuwakata kitovu. Kwamba awakabidhi kwa Praygod, wazima, na nguo zao za baridi.

Kisha akasema sentensi ya mwisho, na kalamu ikasimama.

"Andika," alisema mkunga.

Scola aliwafikiria wanawe kwenye chumba kile, na mwanamume akisoma karatasi hii mlangoni. Aliufikiria pia mpini wa jembe. Akaandika.

*Mkono wangu ulikosea kwa Scola, na ulikosea kwa Telesia. Kosa ni langu kabla halijawa lako. Ukitaka mtu wa kumkata, niko Njombe, nakusubiri.*

Mama Oktavia alichovya kidole gumba kwenye wino wa muhuri wa wodi, akakibandika chini. Hapakuwa na gundi. Aliomba kipande cha plasta, kile kile kinachofungia vidonda, akaukandamiza mdomo wa bahasha kwa kiganja chake cha kulia na kukishikilia hapo muda mrefu.

Praygod aliitwa. Alisoma jina lililoandikwa juu ya bahasha, akamtazama Scola, akataka kuuliza, akaacha. Aliitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo.

"Mpe mkononi," Mama Oktavia alimwambia. "Akianza kusoma, usisimame karibu naye. Simama karibu na watoto."

Lori likawashwa uani, likageuka, likashika barabara ya Makambako kuelekea Matamba.